Mbu ana makofi mawili

Msimu wa karafuu, kwetu Wete, Pemba, hakulaliwi mapema. Jamvi linatandikwa ukumbini, wakubwa kwa wadogo tunachambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Mikono ina kazi lakini midomo imekaa bure, basi mama mkwe huipa yake: "Kitendawili!" Watoto wanaitika, "Tega!" Wakishindwa, anadai mji. Jana walimpa Mombasa akaikataa, akataka Chake.

Vitendawili vilipoisha wakaingia kinyume, ule mchezo wa kuileta mbele silabi ya mwisho. Samaki akawa kisama, paka akawa kapa, karafuu ikawa ukarafu. Mwanangu wa maandalizi, ana miaka 5, alinyamaza kitambo, kisha akapiga ukelele: "Bibi, mama hageuki! Na baba hageuki! Na kuku!"

Nikaacha kuchambua. Mtoto huyu ba be bi bo bu anaziimba kama kasida, ila ukimwekea kidole kwenye "bo" peke yake, lazima aanzie "ba" ndiyo afike. Zile za ubaoni amezikariri tu. Hizi za kinyume anazikata mwenyewe, kwa sikio. Na Kiswahili hakina hila, kinavyotamkwa ndivyo kinavyoandikwa, kwa hiyo sikio likishafunguka kazi kubwa imekwisha. Lakini sisi wazazi tunataka daftari lililojaa. Akirudi skuli na ukurasa mtupu tunauliza, kwani siku nzima alikuwa akicheza? (Natamani jibu liwe ndiyo.)

Leo asubuhi nimekata boksi la sabuni nikaandika pa, ka na ta, kila moja kadi mbili. Humo mna paka, kaka, pata, kata, taka. Alipoisoma "papa" aliuliza yuko wapi, tumpike.

Jioni tukapiga makofi, kila silabi kofi lake. Mbuzi: mbu-zi. Mbu: m-bu. Mdudu na mnyama wamelingana, na hilo halikumpendeza hata kidogo; alirudia mara kadhaa kuhakikisha sidanganyi. Kisha akadai kadi ya "m" peke yake, maana kofi lake amelisikia. Jedwali la ukutani darasani kwao halina silabi hiyo, lina ma, me, mi, mo, mu basi. Nimemkatia.

Akaiweka mbele ya paka, akasoma taratibu, akanitazama.

"Mpaka wapi?"