Dola 840 ambazo dalali hakuzitaja

Bili imetua kwenye akaunti ya kijana wetu, mwanariadha aliye chuo cha Marekani, wiki ya tatu ya muhula: dola 840. Ana ufadhili kamili, barua anayo, kocha amesaini, na kule nyumbani mbuzi alishachinjwa. Sasa picha ya bili inazunguka kwenye kundi la WhatsApp na kila mtu ana lake. Huyu anasema chuo kinamwibia kwa kuwa ni mgeni. Yule anasema kocha aambiwe. Na dalali aliyemleta, ambaye mzazi humtumia asilimia kumi ya thamani ya ufadhili kila muhula, ameusoma ujumbe na kunyamaza.

Chuo hakijamwibia. Hiyo ni kodi ya mapato ya serikali ya Marekani. Ufadhili unaolipia karo na vitabu vya lazima haukatwi kitu. Unaolipia chumba na chakula, kwa mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, ambaye bado anahesabiwa mgeni kikodi, hukatwa asilimia 14. Chumba na chakula vikiwa dola 12,000 kwa mwaka, kodi ni 1,680. Gawanya kwa mihula miwili, unapata 840. Na kwa kuwa fedha hizo hazipiti mkononi mwake, chuo hakina pa kukata, kinamwandikia deni. Ziko nchi zenye mkataba wa kodi na Marekani unaopunguza makali hayo. Kenya haimo, Tanzania haimo, Uganda haimo. Katikati ya Machi atapewa fomu 1042-S inayoonyesha kodi hiyo, ajaze 1040-NR, fomu ya kodi ya wageni, na kama hana kipato kingine atarudishiwa kama dola 480 kwa mwaka, kwa sababu kodi halisi ya kiwango hicho huanzia asilimia 10. Asiyejaza fomu harudishiwi. Wako waliomaliza miaka minne bila kujaza hata mara moja.

Kinachoudhi ni kwamba mambo haya yalitakiwa kusemwa Agosti, kwenye kiti, na mtu anayelipwa mshahara kuyasema. Mtu huyo yupo katika kila idara ya michezo ya chuo, na mara chache sana ni mwenzetu wa Afrika Mashariki. Tumekimbilia vyuo hivi tangu miaka ya sabini. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Suleiman Nyambui aliutwaa ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 akiwa chuo cha El Paso, Texas, miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Paul Ereng alikuwa Chuo Kikuu cha Virginia mwaka alioshinda dhahabu ya Olimpiki ya Seoul, na baadaye akawa kocha El Paso. Uwanjani tunajulikana. Ghorofani, kwenye ofisi zinazoamua nani akimbie na nani akae nje, hawatujui.

Ofisi hiyo wenyewe huiita komplayansi, yaani ofisi ya kanuni. Tuanze na asilimia kumi ya dalali, maana ndiyo inayomaliza vijana wetu. Kanuni ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inamruhusu mwanariadha kumlipa mtu amsambazie taarifa zake kwa makocha: muda wake bora, matokeo ya mtihani, video. Sharti ni kwamba malipo yasitegemee kupata ufadhili. Ada ya kudumu iliyokubaliwa mapema, sawa. Asilimia ya ufadhili, hapana. Hiyo inamgeuza dalali kuwa wakala na inagusa ustahiki wa mtoto, yaani haki yake ya kuchezea chuo, wala si wa dalali. Mzazi wa Iten au Mbulu anayetuma asilimia hiyo kwa M-Pesa kila muhula anatengeneza ushahidi dhidi ya mwanawe, na ujumbe wa M-Pesa una tarehe, jina na kiasi. Huyo dalali anajiita mshauri. Tutarudi kwa washauri wa kweli.

Kazi ya kila siku ya komplayansi ni makaratasi, na kwa mwanariadha kutoka kwetu makaratasi hukwama pale pale kila mwaka. Chukua mfano: pasipoti inasema Daniel Kiprono Rono, cheti cha sekondari cha KCSE kinasema Rono D. Kiprono, na ukurasa wake wa World Athletics unasema Daniel Kiprono, umri ukiwa pungufu kwa miaka miwili. Kwa Mkenya huyo ni mtu mmoja. Kwa mkaguzi wa NCAA aliye Indianapolis ni watu watatu, mmoja wao mdogo kuliko inavyopaswa. Faili inasimama, msimu wa nyika unaanza Septemba, kijana anatazama wenzake. Dawa yake ni hati ya kiapo ya majina iliyopigwa mhuri kabla faili haijatumwa, na tarehe ya kuzaliwa irekebishwe na shirikisho la riadha la nyumbani. Ukingoja waulize, umeshachelewa.

Yapo na mengine. Wanataka matokeo ya kila mwaka kuanzia kidato cha kwanza, pamoja na cheti cha mwisho. Ripoti zilizoliwa na mchwa shuleni hazina mbadala rahisi. Mtanzania aliyefika kidato cha sita atume cheti cha nne na cha sita, vyote. Nyaraka za Kifaransa kutoka Bujumbura au Goma ziambatane na tafsiri rasmi ya Kiingereza. Kwa Divisheni ya Kwanza, daraja la juu la NCAA, hutazamwa kozi 16 za msingi na wastani wa 2.3. Kisha kuna kuchelewa. Baada ya tarehe aliyopaswa kumaliza sekondari, mwanariadha ana mwaka mmoja wa neema, na kila mwaka unaofuata aliokimbia mashindano rasmi unaweza kummegea msimu. Kijana aliyekaa kambini miaka mitatu akikimbia mbio za barabarani anaweza kufika na msimu mmoja mkononi, na kocha aliyemwahidi minne hakudanganya, hakuuliza tu.

Hapo ndipo mtu anayejua KNEC, baraza la mitihani la Kenya, ni nini, anayejua kwa nini jina la baba huja mwisho au katikati, na anayeweza kumpigia mwalimu mkuu wa Kapsabet kwa Kiswahili saa tatu usiku, ana thamani kuliko mwenye shahada ya pili ya Ohio. (Ohio wasinichukie. Programu yao ya usimamizi wa michezo ya mwaka 1966 ndiyo iliyoanzisha fani hii.) Lakini thamani hiyo haiandikwi kwenye tangazo la kazi. Uiandike mwenyewe kwenye barua ya maombi, na uiandike kwa idadi: faili ngapi za nje ulizoshughulikia, ngapi zilipita kabla ya mashindano ya kwanza.

Njia ya kuingia kwenye ofisi hizo ni moja na ni nyembamba. Ukiwa bado mwanafunzi, omba kujitolea kwenye ofisi ya kanuni au ya matokeo, saa chache kwa wiki. Ukimaliza shahada ya kwanza, tafuta nafasi ya msaidizi wa uzamili: chuo kinakulipia karo ya shahada ya pili, kinakupa posho ndogo, unafanya kazi saa 20 kwa wiki. Saa 20 ndizo mwisho kwa F-1 wakati wa masomo, na bosi akikuomba saa 30 bila kuziandika, jibu ni hapana, kwa adabu. Wakati huo soma kanuni zenyewe. Hifadhi ya kanuni ya NCAA, iitwayo LSDBi, iko wazi mtandaoni bure. Ukiingia kwenye usaili ukitaja kifungu kwa namba, meza inanyooka. Nafasi hutangazwa kwenye NCAA Market, na wenye ofisi za kanuni wana chama chao, NAAC, ambako mwanafunzi hulipa ada ndogo kuliko mwajiriwa.

Usidanganywe na vyeo. Kwetu mkurugenzi ana dereva. Hapa mkurugenzi wa shughuli za timu ya riadha ndiye anayekodi basi, anayehesabu posho ya chakula, anayewaandikisha wanariadha kwenye DirectAthletics, mfumo wa kuandikisha mashindano, kabla dirisha halijafungwa, na anayebeba maboksi ya ndizi asubuhi ya mbio. Akisahau kumwandikisha mmoja, huyo hakimbii, hata awe bingwa. Mshahara wa kuanzia utauona ni dola arobaini na kitu elfu kwa mwaka. Ukiugeuza kuwa shilingi unakuwa mbunge. Usiugeuze. Ondoa kodi ya nyumba, gari ambalo bila hilo hufiki kazini, bima, halafu ndipo uhesabu cha kutuma nyumbani.

Hesabu ya viza ndiyo inayowatoa wengi. Shahada ya usimamizi wa michezo kwa kawaida hupewa OPT, kibali cha kufanya kazi baada ya masomo, ya miezi 12 tu, haina nyongeza ya miezi 24 ya fani za sayansi na teknolojia. Ukisomea uchambuzi wa data na kuutumia kwenye michezo, nyongeza unaipata. Maombi ya OPT hufunguliwa siku 90 kabla ya kumaliza na kufungwa siku 60 baada, na ukiipata huruhusiwi kukaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla. Msimu wa kuajiri ni kiangazi, mara bajeti mpya ya Julai inapoanza, kwa hiyo anayemaliza Desemba anazila siku zake 90 wakati hakuna anayeajiri. Maliza Mei.

Habari njema ni kwamba vyuo haviingii kwenye bahati nasibu ya H-1B, viza ya kazi ya wenye shahada. Vinaomba mwezi wowote, bila kikomo cha viza 85,000 kwa mwaka. Habari mbaya ni mbili. Kazi lazima ionekane inahitaji shahada ya fani maalumu, na tangazo likisema "shahada yoyote", mwanasheria wa uhamiaji wa chuo atakataa hata kuanza. Mwombe bosi aandike fani kwenye tangazo kabla halijatoka, si baada. Ya pili ni ada ya dola 100,000 iliyowekwa Septemba 2025 kwa maombi mapya ya walio nje ya Marekani. Aliye ndani na anayebadilisha hadhi kutoka F-1 haimgusi, hivyo usitoke kwenda harusini Eldoret katikati ya maombi. Warundi waliwekewa vizuizi vya viza za masomo Juni 2025, na Watanzania tangu Januari 2026. Mwenye pasipoti hizo aanze na ubalozi kabla hajaanza na kocha.

Sasa washauri. Wapo wa kweli, na soko lao limekua. Tarehe 6 Juni 2025 mahakama ya California iliidhinisha maridhiano ya kesi ya House, ya wanariadha dhidi ya NCAA: vyuo vilivyojiunga viliruhusiwa kuwagawia wanariadha hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, na kila mkataba wa jina na sura, yaani wa mwanariadha kulipwa kwa matangazo, unaofika dola 600 kutoka nje ya chuo upelekwe kwenye mfumo wa NIL Go. Vikomo vya ufadhili vikaondoka, vikaja vikomo vya idadi ya wanariadha kwenye timu: 17 kwa mbio za nyika, 45 kwa riadha. Chuo kidogo hakina watu wa kuyasoma yote hayo, kinamlipa mtu. Wengine hulipwa kutafuta wakurugenzi wapya, wengine kukagua usawa wa jinsia chini ya sheria ya Title IX, wengine kupiga hesabu kama chuo kipande daraja la mpira wa miguu wa Kimarekani, ambako ada ya maombi peke yake ilipanda mwaka 2023 kutoka dola 5,000 hadi milioni 5. Watu hao karibu wote walikaa ofisini miaka kumi au zaidi kwanza. Wanauza makosa waliyokwisha kuyaona.

Kwa upande wetu kuna pengo ambalo hakuna anayeliziba vizuri: mwanafunzi wa F-1 na fedha za jina na sura. Akipigwa picha ya tangazo hapa Marekani kwa malipo, hiyo ni kazi bila kibali, na anayepoteza ni yeye. Vyuo vingi vinaogopa hata kulizungumza, vinamwambia "muulize mwanasheria wako", kana kwamba kijana wa Kericho ana mwanasheria. Mtu anayejua kanuni za pande mbili, za uhamiaji na za michezo, atapata kazi ya ushauri kwa bei ya kudumu kwa saa, na ankara yake anaweza kuionyesha kwa yeyote.

Bili ya dola 840, kwa sasa, ilipwe au iombewe mpango wa malipo ya mafungu kwenye ofisi ya hesabu za wanafunzi. Mpango huo upo karibu kila chuo na hauhitaji kocha. Deni likibaki, mfumo unafunga usajili wa muhula ujao. Asiyesajiliwa hana krediti 12, na krediti hizo 12 ndizo zinazomshikia nafasi kwenye timu na hadhi ya F-1 kwa pamoja. Usajili wa masika kwa kawaida hufunguliwa Novemba, wiki zile zile za fainali za nyika, wakati hakuna mtu kwenye basi anayefungua barua pepe.