Shingo ya Madoa

Asubuhi ile nilifungua mlango wa banda, kuku wakanipita miguuni mbio kama kawaida yao. Madoa hakutoka. Nilimkuta konani, amekaa kitako, kichwa kimevutika nyuma hadi utosi unagusa mgongo, jicho moja linatazama dari. Nilipomgusa alishtuka, akajaribu kusimama, akaenda kinyumenyume hatua mbili, akabiringika. Akabaki chali, miguu ikipiga hewani.

Neno la kwanza kunijia lilikuwa mdondo. Mfugaji akiona shingo imepinda huwaza mdondo kabla ya kingine chochote, maana ugonjwa huo ukiingia unaweza kufagia banda zima kwa siku chache. Nilimtoa pale pale, nikamweka ndani ya boksi mbali na wenzake, nikanawa mikono na kubadilisha viatu kabla ya kurudi bandani. Kisha nikasimama kuwatazama waliobaki, mmoja mmoja. Hakuna aliyekoroma, hakuna aliyehara kijani. Wote walikuwa wamechanjwa, wote wanaparura chini na kugombania wadudu. Ni yeye tu.

Mama alikuja akainama juu ya boksi, akatazama kimya.

"Huyu anateseka, mwanangu. Mchinje apumzike."

Sikumlaumu. Alifuga kuku tangu sijazaliwa, na kwake kumhurumia mnyama ni kutomwacha aumie siku nzima. Nilimwomba anipe mpaka kesho.

Daktari wa mifugo niliyempigia simu hakuanza na shingo. Aliuliza, "Wiki hizi umewapa dawa gani?" Nikamjibu: amproliamu, walikuwa wanahara damu. "Kwa siku ngapi?" Hapo ulimi ukawa mzito. Kuhara kulikuwa kumekoma zamani, lakini kwa woga kwamba kungerudi niliendelea kuwachanganyia dawa kwenye maji, na sasa tulikuwa wiki ya 3. Tena nilikuwa nakadiria kwa macho.

Alinieleza taratibu, bila kunigombeza. Amproliamu imetengenezwa ifanane na vitamini B1, ile inayoitwa tayamini. Vijidudu vya koksidia, vinavyosababisha kuhara damu, vinaihitaji sana vitamini hiyo ili vizaliane. Vikidanganyika na dawa, vinadhoofika. Ila dawa ikizidi kipimo au muda, kuku naye hukosa tayamini yake, na mishipa ya fahamu haiendi bila tayamini. Misuli ya mbele ya shingo inapooza, ya nyuma inavuta peke yake, kichwa kinaelekea juu. "Inaweza kuwa upungufu wa vitamini E pia, au amegongwa kichwani," alisema. "Lakini kwa hayo uliyonieleza, tunaanza na B1. Na hiyo dawa uiache leo leo, maana vitu hivyo viwili vinapingana."

Nilikata simu nikaenda kumwaga maji yote ya bandani. Nilisugua kila chombo mara mbili.

Jioni daktari alikuja, akamchoma Madoa sindano ya tayamini, akaniachia tayamini nyingine ya kumpa kwa mdomo kila siku pamoja na vitamini E. Alisema nimpe na kiini cha yai lililochemshwa, kwa sababu kina madini ya seleni, na seleni na vitamini E husaidiana kazi. Dawa yenyewe ilikuwa rahisi. Shida ilikuwa kumlisha.

Kuku wa namna hii njaa na kiu vinaweza kumuua kabla ya ugonjwa wenyewe. Madoa alikuwa na hamu ya kula, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliiona punje, akaikusudia, akadonoa, mdomo ukaangukia mbali nayo kabisa. Akajaribu tena. Akakosa tena. Nilijifunza kumkalisha mapajani, nimefunga mabawa yake kwa kitambaa, na kuushika utosi kwa vidole viwili nikiurudisha mbele polepole, bila kulazimisha, hadi mdomo ukae usawa. Maji nilimdondoshea ubavuni mwa mdomo, tone moja, nasubiri ameze, tone lingine. Tundu la koo la hewa liko nyuma tu ya ulimi wake. Ukimmiminia, maji yanaingia mapafuni. Chakula nililainisha kikawa uji mzito. Baada ya kila mlo nilipitisha kidole kifuani pake kupapasa gole, mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, na nilipolikuta limetuna, laini, joto, nilijua usiku ule amepona njaa.

Ili asibiringike, nilikunja taulo mviringo kama kata ya kubebea ndoo kichwani, nikamkalisha katikati. Taa nilipunguza. Kelele zilimrudisha kwenye mitetemeko, kwa hiyo nyumba nzima tulizoea kufunga milango kwa mkono.

Siku ya 2 alisimama kwa muda wa pumzi chache. Siku ya 4 kichwa kilikaa mbele karibu dakika nzima kabla ya kuvutika tena. Siku ya 6 hali yake ilirudi nyuma, akabiringika mara 3 kabla ya saa sita mchana, nami nilikaa sakafuni kando ya boksi nikidhani nimemwongezea mateso bure. Mama ndiye aliyemwinua. Akamweka mapajani, akashika utosi kwa vidole viwili, kama alivyoniona nikifanya, akaniuliza, "Gole lake leo umelipapasa?"

Tangu siku hiyo tulipokezana. Mimi asubuhi na mchana, yeye jioni, na sikuwahi kumsikia tena akitaja kisu.

Siku ya 11 Madoa alidonoa punje akaipata. Nilimwekea nyingine, akaikosa. Ya tatu akaipata. Niliwaita watu wote waje kuona. Vitamini tuliendelea kumpa hata shingo iliponyooka, kwa ushauri wa daktari, kisha nikamweka kwenye tundu la waya ndani ya banda ili wenzake wamzoee upya bila kumshambulia, na siku ya 20 nikalifungua.

Jioni hiyo nilichelewa kufunga banda kwa makusudi. Nilipoingia na tochi niliwakuta wamepanda, wamebanana, na mwishoni kabisa Madoa, shingo imegeukia nyuma. Moyo ulinilipuka. Nilisogea, nikamulika chini kidogo nisimshtue. Kichwa alikuwa amekichomeka mwenyewe ndani ya manyoya ya bega, mdomo wote umezama, na kope imefunga.