Nilivyoujua Mfumo wa Uzazi kwa Kuifuata Njia ya Yai na ya Mbegu

Tulipofika kwenye mada ya mfumo wa uzazi, nikisomea biolojia katika chuo kimoja jijini Nairobi, niliamua kutokariri majina kutoka kwenye mchoro, bali kuanzia kila mara pale yai au mbegu inapotengenezwa na kuifuata njia yake mpaka mwisho. Tulipasua viungo vibichi, vya mbuzi kutoka Kiamaiko na vya ng'ombe kutoka machinjio ya Dagoretti, na kwa maoni yangu hivyo hufunza kuliko sampuli zilizokaa muda mrefu katika formalini, dawa ya kuhifadhia viungo, kwa sababu bado vina rangi na ulaini wake.

Ovari ya ng'ombe, kiungo kinachotengeneza mayai, ndiyo iliyonishika zaidi. Tulipoikata katikati, tulikuta uvimbe wa manjano uliochukua sehemu kubwa ya nafasi, nao ndio unaobaki mahali yai lilipotokea na kutoa homoni ya projesteroni inayouandaa mji wa mimba. Kandokando yake palikuwa na vifuko vidogo vya majimaji ambamo mayai mengine hulelewa. Nilipoingiza kijiti butu kwenye mrija wa falopio, njia ya yai kuelekea mji wa mimba, niliona kwa macho yangu jambo ambalo michoro mingi haileti wazi: mrija haujaungana na ovari, ila mdomo wake hupanuka na kuikaribia ili ulidake yai linapochomoka. Hapo nikaelewa ni kwa nini, ingawa ni nadra, mimba inaweza kutunga tumboni, nje kabisa ya mji wa mimba.

Kwa kuwa mtihani ungeuliza pia kuhusu binadamu, nilikuwa nikiandika tofauti papo hapo. Mji wa mimba wa ng'ombe una pembe mbili, na ukutani mwake mna vinundu ambavyo kondo hujishikiza. Wa mwanamke ni chumba kimoja, na hauna vinundu hivyo.

Wenzangu kadhaa waliona haya tulipofika kwenye korodani, lakini haya hiyo iliisha mara tu kazi ilipoanza. Ukikata ganda jeupe la korodani ya mbuzi, nyama laini hufura na kutokeza, na ukiivuta taratibu kwa koleo hutoka nyuzi nyembamba mno, ambazo ndizo mirija inayotengeneza mbegu. Kutoka hapo mbegu huingia katika epididimisi, mrija uliojikunja ambao kwa mwanamume ukinyooshwa hufikia takribani mita 6, na humo ndimo zinamopata uwezo wa kuogelea. Mkiani mwa epididimisi huanza mrija wa manii, ambao niliutambua kwa vidole kabla ya kuuona, kwa kuwa ni mgumu kama uzi wa katani kati ya mishipa laini ya damu. Ugumu huohuo ndio unaomwezesha daktari anayemfunga mwanamume uzazi kuupapasa chini ya ngozi, kuutoa kupitia tundu dogo na kuukata.