Kirusi Nilichokisafisha Jina Darasani

Kwa miaka kadhaa, kila nilipofundisha mada ya virusi katika kidato cha sita, nilikuwa na sentensi moja niliyoipenda: kwamba kipo kirusi kidogo mno, kinachoishi katika miili ya watu wengi duniani, ambacho hakijawahi kuthibitika kumdhuru mtu yeyote. Niliitumia sentensi hiyo kuwaondolea wanafunzi dhana kwamba kila kirusi ni ugonjwa. Tangu mwaka 2023 nimeacha kuisema, na hapa nataka kueleza ni kitu gani kilichonifanya niiache.

Kirusi hicho wataalamu hukiita AAV2, yaani cha pili kuorodheshwa katika jamii ya virusi vinavyofuatana na adenovirusi, ambazo ni virusi vya kawaida vya mafua na kuharisha. Kiligunduliwa mwaka 1965 bila kutafutwa, pale Robert Atchison na wenzake walipoona vijipande vidogo vimechanganyika na adenovirusi walizokuwa wakizichunguza, na wakabaini kuwa vijipande hivyo havikuweza kuzaliana peke yake. AAV2 ni mdandiaji. DNA yake ina herufi 4,700 hivi tu, haitoshi kubeba mahitaji yote ya uzazi, kwa hiyo hungoja seli iliyokwisha kuvamiwa na adenovirusi, au na kirusi cha jamii ya hepesi, kisha hutumia nyenzo za mwenzake kujinakili. Watu wengi hukipata wakiwa wadogo bila kujua, na alama pekee inayobaki ni kingamwili katika damu yao. Kwa sababu ya upole huo, wanasayansi walikiteua kuwa chombo cha kubebea jeni za tiba: dawa ya Luxturna, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017 kwa aina moja ya upofu wa kurithi, husafirishwa hadi ndani ya jicho kwa gamba la AAV2.

Tarehe 31 Machi 2022, mamlaka ya afya ya umma ya Scotland ilipewa taarifa ya watoto watano, wenye umri wa miaka mitatu hadi mitano, waliolazwa Glasgow katika muda wa wiki tatu wakiwa na homa kali ya ini isiyojulikana chanzo. Kwa kawaida Scotland nzima hupata wagonjwa wa namna hiyo wachache sana kwa mwaka. Siku chache baadaye Uingereza ililiarifu Shirika la Afya Duniani, na kufikia tarehe 8 Julai hesabu ilikuwa imefika watoto 1,010 katika nchi 35, kati yao 22 wakiwa wamefariki na 46 wakihitaji kupandikizwa ini. Wengi walikuwa watoto wenye afya njema kabla ya hapo, walioanza kwa kutapika na kuharisha, kisha macho yakageuka manjano.

Hapa kwetu anayesikia maneno “homa ya ini” huwaza moja kwa moja aina ya B, ile inayogunduliwa mtu anapokwenda kuchangia damu. Kitaalamu, hata hivyo, jina hilo linaeleza hali tu, yaani ini kuvimba na seli zake kuharibika, na vinavyoweza kulifikisha huko ni vingi, pombe na dawa zikiwamo. Virusi vinavyojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni vitano, A hadi E, na watoto hawa walipopimwa, havikuonekana kuwa ndivyo vilivyowaumiza.

Kilichofuata kilikuwa msako. Chanjo ya UVIKO-19 ilitajwa sana mitandaoni, lakini wengi wa watoto hao hawakuwa wamechanjwa, maana umri wao ulikuwa chini ya uliolengwa. Sumu zilitafutwa. Hata mbwa wa nyumbani waliulizwa habari zao, kwa kuwa familia nyingi zilizohojiwa zilikuwa na mbwa, jambo ambalo kwa Waingereza si la ajabu hata kidogo. Mshukiwa mkuu akabaki adenovirusi, hasa aina ya 41, ambayo ilikuwa imeonekana pia kwa kundi la watoto wa Alabama waliougua kuanzia Oktoba 2021. Tatizo ni kwamba aina ya 41 hujulikana kwa kuharisha. Si kawaida yake kuangamiza ini la mtoto ambaye kinga yake ni nzima, na vipande vya ini vilivyochunguzwa kwa hadubini havikuonyesha dalili za kirusi hicho kufanya kazi humo.

Ndipo makundi matatu ya watafiti, la Glasgow, la London na la Marekani, yakasoma vinasaba vyote vilivyomo katika sampuli bila kuchagua cha kutafuta, na matokeo yao yakachapishwa pamoja katika jarida la Nature mwezi Machi 2023. Wote watatu walikumbana na yule mdandiaji wangu. Glasgow walikipata AAV2 katika damu ya watoto 26 kati ya 32 waliougua, na katika watoto 5 tu kati ya 74 wa kulinganisha nao. London walikipata kwa wingi katika 27 kati ya 28. Marekani, 13 kati ya 14. Pamoja nacho zilikuwapo adenovirusi au hepesi, ambazo ndizo gari lake la kudandia.

Takwimu iliyonisimamisha zaidi ni nyingine. Wanadamu tunatofautiana katika molekuli ambazo seli hutumia kuzionyesha chembe nyeupe za damu vipande vya wavamizi, na molekuli mojawapo, HLA-DRB1*04:01, ilipatikana kwa watoto 25 kati ya 27 wa Scotland waliopimwa, ilhali katika kundi la kulinganisha ilikuwa 10 kati ya 64. Ukiliunganisha jambo hilo na kwamba katika maini yaliyotolewa London wakati wa kupandikiza, DNA ya kirusi ilikuwa nyingi lakini protini zake hazikuonekana, unapata picha ya kinga ya mwili inayoligeukia ini lenyewe. Muda nao una maelezo yake. Watoto waliofungiwa majumbani mwaka 2020 na 2021 hawakukutana na virusi vya kawaida katika umri uliozoeleka, na shule zilipofunguliwa adenovirusi na AAV2 vikawafikia kwa wingi ndani ya miezi michache.

Maelezo haya yananivutia kuliko mengine yote, lakini lazima nikiri kuwa ni maelezo. Aliyekutwa mahali pa tukio si lazima awe mtenda. Idadi ya watoto waliochunguzwa ni ndogo, sampuli nyingine zilichukuliwa siku nyingi baada ya ugonjwa kuanza, na inawezekana kwamba wingi wa AAV2 ulikuwa alama tu ya adenovirusi kupita mwilini. Kinachoifanya hoja hiyo ya mwisho ipungue nguvu machoni pangu ni wale watoto wa kulinganisha, kwa sababu miongoni mwao walikuwamo walioambukizwa adenovirusi bila ini kuathirika, na AAV2 kwao ilikuwa haba.

Ukweli ni kwamba ishara zilikuwapo kabla ya Glasgow, nami nilizipuuza. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walieleza kuwa katika uvimbe 11 kati ya 193 wa saratani ya ini, vipande vya DNA ya AAV2 vilikuwa vimejipachika karibu na jeni zinazosukuma seli kugawanyika, na matokeo hayo yalizua mabishano. Madaktari wanaotumia Zolgensma, tiba inayobebwa na ndugu yake AAV9 kwa watoto wenye udhaifu wa misuli, huwapa watoto hao dawa za kutuliza kinga na kupima vimeng'enya vya ini mara kwa mara, kwa kuwa ini ndilo linaloumia kwanza.

Siku hizi nikifika kwenye mada hiyo nachora ubaoni vitu vitatu, kirusi, gari lake na molekuli ya mtoto, halafu naunganisha kwa mistari ya nukta badala ya mistari kamili. Mwaka huu mwanafunzi mmoja aliuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza darasani: je, wale watoto walipona? Nilimjibu kwamba wengi wao walipona bila kupandikizwa, kwa ini lao lile lile, kwani ini hujijenga upya likiachiwa nafasi.