Sufuria ya maji ya kuoga ilivyonirudishia usingizi wakati wa kafyu

Ukiwa na wasiwasi na huna usingizi, usianze mazoezi na kamba ya kuruka. Mwaka 2020, Nairobi ilipowekewa kafyu ya korona Machi 27 na mipaka ya jiji ikafungwa Aprili 6, kila niliyemweleza hali yangu alinipa ushauri uleule: nunua kamba, ruka nusu saa kila siku, mawazo yataisha. Niliishi peke yangu, chumba kimoja, orofa ya tatu, kazi imesimama, usingizi unanijia saa tisa usiku. Nikanunua kamba, shilingi mia mbili hivi.

Ushauri ule unaumiza watu, na wengi huishia hapo wakijiita wavivu. Sakafu ni ya saruji, na mtu aliyeketi wiki tatu bila kutembea hana vigimbi vya kuhimili kishindo. Siku ya tatu kushuka ngazi ni mateso. Jirani wa chini naye anasikia kila mruko. Lakini ubaya mkubwa ni huu: ukiwa na wasiwasi kisha ukaanza kwa kasi, moyo unadunda, pumzi inakatika, jasho linakutoka. Hizo ni dalili zilezile za hofu inayokukamata usiku, na akili inazisoma hivyohivyo. Unamaliza ukiwa na hofu kuliko ulivyoanza, na kesho hutaki hata kuiona kamba.

Kilichonisaidia ni sufuria. Saa moja asubuhi nilibandika lita 5 za maji ya kuoga kwenye gesi, moto wa wastani, nikafunika na kufungua dirisha. Yalichukua dakika 20 na kitu, na muda huo ndio wa mazoezi. Hapo huhitaji kuamua kufanya mazoezi, na siku mbaya uamuzi ndio mzigo wenyewe. Unahitaji kuwasha jiko tu. Likishawaka huwezi kurudi kulala, huwezi kutoka, na unajua mwisho uko wapi: maji yakiwa tayari, umemaliza, unaenda kuoga. Hakuna saa ya kutazama. Gesi iliyoongezeka sikuihisi.

Dakika 5 za mwanzo, piga hatua papo hapo huku ukizungusha mabega. Kisha chuchumaa hadi makalio yaguse kiti na usimame, mara 10. Sukuma ukuta mara 10. Ukizoea, hamia ukingo wa meza, halafu sakafuni. Mwisho inua jerikeni yenye maji hadi ubavuni, mara 10 kila mkono, mkono wa pili ukiegemea kiti. Inama kutoka nyongani, mgongo umenyooka. Pumzika dakika moja, rudia hadi mizunguko mitatu.

Jerikeni ya mafuta ya kupikia ya lita 5 inashinda vyuma vya dukani, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Anza na lita 3, ongeza chupa moja ya nusu lita kila wiki. Isipojaa, maji huyumba na kuvuta kifundo cha mkono, basi inua polepole. Mpini ukikata vidole, uzungushie leso.

Kipimo cha kasi: uweze kusema sentensi nzima, lakini usiweze kuimba. Ukishindwa kusema, punguza.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Dakika 20 kila siku ni 140, kwa hiyo jioni nilipanda ngazi dakika 5, jiko likiwa limezimwa. Ukichelewesha mazoezi mazito hadi karibu na kulala, mwili unabaki macho.

Baada ya kuoga nilikaa juu ya paa, penye kamba za nguo, robo saa hivi. Mwanga wa asubuhi ndio unaopanga saa ya mwili. Usingizi ulirudi wiki ya pili; moyo kutulia ukachelewa zaidi, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Ila kama huli, au unawaza kufa, nenda hospitali leo na umwambie mtu wa karibu. Hapo jerikeni haitoshi.

Ile kamba niliirudia wiki ya sita, juu ya paa, nimevaa raba: miruko 30, pumzika hadi pumzi irudi, mara tano tu.