Dawa za Mzee juu ya shuka

Binti yangu anasoma famasia, na tangu aingie mwaka wa tatu sisi sote nyumbani tumekuwa wagonjwa wake. Juzi nilikuwa nakunja nguo, akaja na daftari mkononi akaniuliza: "Mama, unajua kuna dawa watu hupewa kwa ajili ya kutibu dawa?"

Nikamwambia najua. Alinyong'onyea kidogo, maana alikuja kunifundisha.

"Umejulia wapi?"

"Kwa babu yako."

Hapo ikabidi nikae chini, nguo zikabaki. Ninyi mnaomjua Mzee mnajua kwamba kumuuguza halikuwa jambo la kusimulia kwa kifupi, lakini nitajitahidi. Yaliyotangulia usiku ule aliolazwa hospitalini nayapita haraka, na ndivyo tulivyoyapita hata wakati ule, tukikimbia kutoka dirisha la malipo kwenda la maabara, kutoka la maabara kwenda la dawa, na kila tulikofika faili lilikuwa jipya.

Mwanzo ilikuwa presha, basi. Akapewa kidonge. Baadaye tukahamia kliniki nyingine iliyokuwa karibu na kaka, wakampa kidonge chao. Miguu ikavimba. Tukapelekwa kupiga picha mishipa ya mguu, wakitafuta damu iliyoganda, haikuwepo. Akapewa dawa ya kukojoza. Kisha usiku mmoja kidole gumba cha mguu kikamwaka moto, hata shuka likikigusa alipiga kelele. Daktari wa mifupa akasema ni jongo, akaandika dawa ya maumivu. Tumbo nalo likaanza kuunguza, akaongezewa ya tumbo. Presha ikapanda tena, akaongezewa ya presha. Halafu kikohozi, kikavu, cha usiku. Eksirei ya kifua, makohozi kupimwa kifua kikuu, hakuna kitu, dawa ya kikohozi ya chupa. Eksirei ikarudiwa kwingine kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa kwenye bahasha ya kule na huku walitaka ya kwao.

Hakuna hata mmoja kati ya wale madaktari niliyemwona mzembe. Hili nalisema kila mara na watu wa nyumbani hawalipendi. Kila mmoja alimsikiliza Mzee, akampima, akamtibia kile alichomwona nacho siku hiyo. Ukimchukua mmoja mmoja, sina wa kumlaumu.

Mwishowe damu ikaonyesha kreatinini, taka ambayo figo huichuja, imepanda, figo zinalemewa, akalazwa kumsubiri bingwa wa figo atakayepita asubuhi.

Usiku huo ndio ninaotaka kuusimulia.

Alikuja daktari wa mafunzo kwa vitendo, binti mdogo, koti limemzidi mabega. Alikuja kuchukua historia, yaani ule mlolongo wa maswali ambao Mzee alikuwa ameshaukariri mpaka anajibu kabla hajaulizwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Sina mzio, sivuti, sinywi, choo kizuri."

Akacheka. Akauliza, "Na dawa unatumia zipi?"

Mzee akaonyesha kwa kidevu mfuko wa plastiki uliokuwa chini ya kitanda. "Ziko humo. Chagua unayoipenda."

Wenzake wote waliotangulia, tukifika hapo, waliandika majina mawili matatu niliyowatajia wakaendelea. Huyu aliinama akauchukua mfuko, akamwomba Mzee asogeze miguu, akaumwaga wote juu ya shuka. Zikatoka pakiti, vibahasha vya karatasi vyenye mistari na vitone vya kalamu, vidonge vilivyobaki nusu kwenye foili, chupa ya kikohozi iliyonata, na vyeti vya dawa vilivyokunjwa mpaka vimechanika kwenye mikunjo. Mgonjwa wa kitanda cha pili akainuka kwa kiwiko kutazama. Hata mimi niliyekuwa nazinunua sikuwa nimewahi kuziona zote mahali pamoja.

Nilitegemea angehesabu. Badala yake alishika pakiti moja akaiinua usawa wa macho ya Mzee, akauliza swali ambalo sikuwa nimelisikia popote tulikopita:

"Mzee, kati ya hizi, ipi ilianza?"

Mzee hakuwa mtu wa tarehe. Mimi nilianza kupekua vyeti nitafute miezi, akanizuia kwa mkono. Akachukua pakiti ya kwanza mwenyewe. "Hii nilipewa viatu vikiwa bado vinaingia."

Yule daktari akaiweka kwenye kona ya shuka, karibu na mto.

"Na hii pia viatu bado. Hii viatu vilipokataa. Hii kidole. Hii tumbo. Hii..." akaigeuza, "...hii nilikuwa sijaanza kukohoa."

"Una hakika?"

"Mwanangu, kukohoa usiku na mke pembeni, hakuna anayesahau siku kulipoanza."

Daktari alizipanga taratibu kama mtu anayepanga karata, akirudisha moja nyuma, akisogeza nyingine mbele, huku kalamu ameing'ata. Ilipofika zile mbili za viatu bado, akazisogeza zikagusana. Zilikuwa pakiti za rangi mbili tofauti, za kampuni mbili, zenye majina makubwa mawili tofauti. Akaweka kidole chini ya maandishi madogo ya moja, kisha ya nyingine. Amlodipini. Amlodipini. Moja ya miligramu 5, nyingine ya 10. Mzee alikuwa anameza moja asubuhi na moja usiku, kwa utiifu mkubwa, kila moja kwa heshima ya daktari wake. Kiwango cha juu cha kawaida kwa siku ni 10.

"Miguu," alisema, lakini hakuwa anatuambia sisi.

Kisha akatueleza kwa sauti ya chini, kwa sababu wodi ilikuwa imelala. Amlodipini hupanua mishipa midogo inayopeleka damu, ndiyo maana inashusha presha, lakini kwa kufanya hivyo inaweza kuruhusu maji yachuruzike kuingia kwenye nyama za miguuni, na dozi ikiwa kubwa zaidi uvimbe nao huwa zaidi. Maji yale hayajazidi mwilini, yamehama tu. Ndiyo maana furosemidi, ile ya kukojoza, haikuutoa uvimbe ule vizuri. Ilichofanya ni kuzuia asidi ya yuriki isitoke kwenye mkojo kama inavyopaswa, na asidi ikizidi kwenye damu mtu anaweza kupata jongo. Hapo akagonga kidole chake kwenye ile pakiti ya furosemidi, kisha akaonyesha kile cha Mzee cha mguuni.

Kwa ajili ya kidole ikaja diklofenaki. Hiyo ikatuliza maumivu, ikaliunguza tumbo, ikaufanya mwili ushike chumvi na maji, na presha ikapanda. Kwa tumbo ikaja omeprazoli. Kwa presha ikaja enalaprili, ambayo ni dawa nzuri, ila baadhi ya watu huwaletea kikohozi kikavu kisichosikia chupa yoyote. Mwisho akazisogeza tatu pamoja katikati ya shuka: enalaprili, furosemidi, diklofenaki. Akasema hizi tatu zikikutana kwa mtu wa umri wa Mzee, figo ndizo zinazoumia.

Mzee alizitazama pakiti zake zilivyojipanga kutoka kwenye mto mpaka kwenye magoti. "Kwa hiyo mimi naumwa presha peke yake?"

"Sijasema hivyo, mzee."

"Lakini hujakataa."

Alitabasamu tu. Akasema hana mamlaka ya kufuta dawa ya bingwa, isipokuwa diklofenaki, hiyo angempigia simu mkubwa wake wa zamu waizuie usiku huo huo. Mengine angeyaandika kwenye faili, bingwa aamue. Akazirudisha dawa mfukoni kwa utaratibu ule ule aliozipanga, akaenda kitanda kinachofuata. Ilikuwa imepita nusu saa, labda zaidi kidogo.

(Jamani, nawajua. Msiende kutupa dawa za wazee wenu. Mzee hakuacha hata kidonge kimoja bila daktari, na presha ya kweli alikuwa nayo.)

Asubuhi bingwa alisoma ile karatasi amesimama, akaisoma tena amekaa. Yaliyofuata yalienda bila makeke: ikabaki amlodipini moja, ile ndogo. Furosemidi ikatoka, ya tumbo ikafuata. Enalaprili ikabadilishwa baadaye kwa losatani, ambayo kwa kawaida haina kikohozi. Miguu ikarudi kwenye viatu. Kikohozi kiling'ang'ania wiki kadhaa, kisha kikaondoka bila kuaga. Figo zilipata nafuu, lakini hazikurudi pale zilipokuwa, na hilo lilibaki naye.

Bili ilipotoka, kaka aliisoma mstari kwa mstari, maana ndiye aliyebeba sehemu kubwa. Kitanda. Glavu. Sindano. Kipimo cha damu, kipimo kile kile tena. Kumwona bingwa. Nami nikaichukua, nikaipitia natafuta ile nusu saa. Haikuwepo. Sikudai iwepo, sikuwa na wazimu wa kuomba nitozwe zaidi. Lakini nilikaa nayo akilini: eksirei ya pili ilikuwa na mstari wake, dawa ya kikohozi isiyotibu kitu ilikuwa na mstari wake, na kazi pekee iliyopunguza kitu haikuwa na mahali pa kuandikwa.

Binti yangu alinisikiliza mpaka hapo bila kuandika, jambo ambalo si la kawaida yake. Kisha akanipa somo lake baada ya yote. Kwamba madaktari wawili, Paula Rochon na Jerry Gurwitz, waliueleza mnyororo wa namna hii katika jarida la udaktari la BMJ mwaka 1997. Kwamba Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni mwaka 2017 ya kupunguza kwa asilimia 50 madhara makubwa ya dawa yanayoepukika, ndani ya miaka 5, na likataja waziwazi dawa nyingi kwa mtu mmoja na mgonjwa anayehama kutoka mkono huu kwenda ule. Kwamba shirika hilo hilo lilishakadiria mwaka 2010 kuwa kati ya asilimia 20 na 40 ya fedha za afya hupotea bure. Alivyokuwa anazitaja zile takwimu nilimwona Mzee ameketi ndani ya hizo asilimia, na viatu vyake mkononi.

"Suluhisho ni mfumo mmoja wa kompyuta," alisema. "Faili moja, linamfuata mgonjwa."

Ninakubali nusu. Faili moja lingezikamata zile amlodipini mbili, hilo sina ubishi nalo. Lakini mfumo nimeuona unavyofanya kazi siku hizi: orodha inatoka imechapwa vizuri, ndefu, na kila anayeifungua anaongeza chini. Kufuta ya mwenzako kunahitaji mtu mwenye muda na asiyeogopa, na mwenye muda kwa mgonjwa mmoja anachelewesha foleni. Nilimuuliza nani atamlipa huyo. Akasema wafamasia. Nikamwambia haya, kama mama nafurahi kusikia, ila hajanijibu.

Kuna sehemu sikumsimulia, kwa sababu inatuhusu sisi na siyo hospitali.

Tuliporudi kliniki kwa bingwa, baada ya Mzee kutoka wodini, alimpima, akatazama damu, akauliza habari za kidole. Akachukua kalamu na kuanza kuandika cheti, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, kuzuia jongo lisirudi. Mzee akamuuliza kwa adabu zote, "Daktari, hii inatibu ugonjwa au inatibu dawa?"

Bingwa akasimamisha kalamu. Akaifungua tena ile karatasi ya usiku ule, ilikuwa bado imo kwenye faili. Akakaa nayo. Kisha akasema dawa iliyoleta jongo tumeshaitoa, na limemshika mara moja tu, basi tusubiri tupime tena. Akakichana cheti. Tukaagana.

Nje, kabla hatujapata usafiri, kaka akapiga simu.

"Kasemaje?"

"Anaendelea vizuri."

"Kawapa dawa gani?"

"Hajatupa."

"Hajawapa?" Akanyamaza kidogo. "Sasa ile hela ya kumwona bingwa tumelipa ya nini?"

Mzee alikuwa ananitazama, anasubiri kusikia nitajibu nini. Nikamwambia kaka mtandao unasumbua, nitampigia nikifika nyumbani.