Baridi ya Ujerumani: anza na dirisha, koti baadaye

Anayejiandaa kuondoka Dar kwenda kufanya kazi Ujerumani, awe muuguzi, fundi au dereva, kwa kawaida huanza na koti. Atazunguka mitumba ya Karume akikagua zipu na bitana. Si vibaya. Koti zito la mtumba linafaa kabisa, mradi zipu ifunge hadi kidevuni na ndani ibaki nafasi ya sweta. Lakini nje utakaa muda mfupi tu, ukisubiri basi au treni. Kuanzia Novemba hadi Machi maisha ni ndani, na ndani ndiko wengi wetu tunakoumia: kuvu ukutani, ugomvi na mwenye nyumba, na bili inayotua baada ya mwaka mzima.

Chanzo ni nyumba zenyewe. Nyumba ya Dar haifungwi ikafungika. Dirisha lina nondo na wavu wa mbu, juu kuna matofali ya matundu, mlango una mwanya chini. Hewa inapita usiku na mchana bila mtu kuifikiria. Nyumba ya Ujerumani, hasa iliyokarabatiwa karibuni, ina vioo viwili au vitatu na mpira kuzunguka fremu nzima. Ukishafunga, mvuke wa maharage yaliyochemka kwa saa mbili, wa maji ya moto bafuni, wa nguo ulizoanika chumbani, hata wa pumzi yako usiku, wote unabaki humo humo. Hatimaye unageuka maji pale penye baridi: pembe ya ukuta wa nje, nyuma ya kabati, ukingoni mwa dirisha. Unyevu ukidumu hapo siku kadhaa, madoa meusi yanaanza.

Dawa yake ni kufungua dirisha wazi kabisa mara tatu au nne kwa siku: ukiamka, ukitoka kazini, ukimaliza kupika, kabla ya kulala. Baridi ikiwa kali, dakika 5 zinatosha. Oktoba au Machi fanya 10 hadi 15. Fungua na dirisha la upande wa pili, hewa ipite moja kwa moja. Kabla ya kufungua, funga koki ya hita, yaani chuma cha ukutani kinachopitisha maji ya moto, kwa sababu koki hiyo inapima joto la hewa inayoizunguka. Ikipigwa na hewa ya barafu, inafungulia maji ya moto yote na unapasha joto barabara. Wageni wanaogopa kwamba joto lote litatoka. Halitoki. Hewa hubeba joto kidogo tu. Lililo jingi limo kwenye kuta na samani, na chumba kinapata joto tena muda si mrefu. Hasara iko kwenye kuinamisha dirisha kidogo kwa juu na kuliacha hivyo siku nzima. Hewa inabadilika polepole, ukuta wa pembeni unapoa, na kuvu inaota hapo hapo.

Nunua kipimaunyevu kidogo, kinapatikana kwa yuro 10 hivi, ukiweke chumba cha kulala mbali na dirisha na hita. Kikisoma kati ya asilimia 40 na 60 uko salama. Kikizidi hapo, fungua dirisha. Kabati lisigusane na ukuta wa nje, liachie sentimita 5 hadi 10. Doa dogo la kuvu lifute kwa spiriti ya asilimia 70 hadi 80, dirisha likiwa wazi na bila moto karibu. Siki iache jikoni: chokaa ya ukuta inaimaliza nguvu, na mabaki yake yanailisha kuvu. Doa likiwa kubwa, au likirudi, piga picha na umwandikie mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Huenda bomba linavuja au ukuta una kasoro, na mpangaji anawajibika kutoa taarifa. Ukinyamaza, lawama inaweza kukugeukia wewe.

Hita nayo ina namba 1 hadi 5, na karibu kila mgeni anazielewa vibaya. Namba hizo hazisemi moto uje kwa kasi gani, zinasema hita isimame kwenye joto gani. Namba 2 ni kama nyuzi 16, namba 3 kama 20, namba 5 kama 28. Ukiweka 5 chumba hakipati joto haraka zaidi, ila hita haitasimama. Nyuzi 20 ni kama usiku wa kipupwe Dar mwezi wa Julai, na kwa soksi na sweta panakalika vizuri. Usizime kabisa ukienda kazini. Shusha hadi 2, kuta zisipoe.

Sasa bili. Sisi tumezoea LUKU: unanunua uniti, zikiisha giza linakuambia. Huko unalipa kiasi kile kile kila mwezi kama malipo ya awali ya joto, na hesabu halisi inafuata. Mwenye nyumba ana miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kwisha kukuletea, ndiyo maana mtu anadaiwa joto alilotumia zamani na kusahau. Katika jengo lenye mtambo mmoja wa joto, kwa kawaida asilimia 50 hadi 70 ya gharama hugawanywa kwa matumizi ya kila mpangaji. Kwenye mkataba soma maneno mawili: Kaltmiete ni kodi tupu, Warmmiete ina malipo ya joto ndani yake. Umeme mara nyingi uko nje ya vyote viwili. Una haki ya kukagua stakabadhi, na miezi 12 ya kupinga tangu upokee hesabu. Picha ya mita siku unayohamia ndiyo ushahidi wako.

Kihita cha umeme cha kuchomeka ndicho kinachomaliza mshahara. Cha wati 2,000 kikiwaka saa 8 kinakula uniti 16. Kwa senti 35 kila uniti, hiyo ni yuro 5.60 kwa usiku mmoja, yuro 168 kwa mwezi.

Mwili nao una madai yake. Jipake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na majimaji ya kuoga. Kofia ya sufu inakatakata nywele, tanguliza kitambaa cha satini. Jua la miezi hiyo ni hafifu mno kwa ngozi yetu kutengeneza vitamini D ya kutosha, kwa hiyo muulize daktari kuhusu kipimo kabla ya kununua vidonge.

Tarehe 21 Desemba, Berlin jua linachomoza kama saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Kwa anayeswali, Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinaangukia ndani ya zamu moja ya mchana, hivyo ongea na msimamizi mapema kuhusu mapumziko. Juni linazama baada ya saa tatu na nusu usiku, na Isha inakuja usiku sana.

Ukipiga simu nyumbani, kumbuka Dar iko mbele kwa saa mbili kipindi cha baridi, saa moja kipindi cha joto. Saa hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Ya Oktoba, ikifika saa tisa usiku inarudishwa saa nane, kwa hiyo aliye zamu ya usiku anafanya kazi saa moja zaidi. Hakikisha imeandikwa.